L 59: meli ya anga iliyotumwa Makonde ikageuzia Sudan

Katika Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilijaribu mara moja tu kulifikia koloni lake la Afrika Mashariki kwa njia ya anga. Chombo kilichotumwa ni zepelini, yaani meli kubwa ya anga inayoelea kwa gesi, ya jeshi la majini, iliyoitwa L 59, namba ya kiwanda LZ 104. Iliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917, ikavuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Misri, ikafika ndani ya Sudan, kisha ikaitwa kwa redio irudi. Ilitua ilikotoka baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Miezi minne baadaye meli hiyo hiyo iliidondoshea mabomu Napoli, na mwezi uliofuata ikaungua juu ya bahari pamoja na wote waliokuwemo.

Wengi wanaosimulia safari hii huishia kwenye ajabu ya umbali wake, kana kwamba L 59 ilishindwa na jangwa. Ukiifuata saa kwa saa unaona mambo mengine kabisa. Meli ilikuwa na mafuta ya kutosha kufika na kuzidi. Kilichoiharibu ni habari za vita vya Lindi na Newala, ambazo Berlin ilizipata zikiwa zimepitwa na wakati, na mpango uliotegemea kumkuta Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani huku, mahali ambapo hakuwa na uwezo wa kubaki.

Kwa nini hewani

Waingereza walikuwa wameziba pwani. Tangu vita vianze ni meli mbili tu za shehena zilizopenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyoingia Sudi kusini ya Lindi Machi 1916. Baada ya hapo bandari zote zikaanguka moja moja. Taasisi ya utafiti iliyokuwa mahali paitwapo Amani, kule Usambara, iliyokuwa ikitengeneza kwinini, dawa ya malaria, ilitekwa mwaka 1916. Kufikia Oktoba 1917 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa hadi pembe ya kusini mashariki. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba lilipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na likawarudisha Waingereza nyuma kwa hasara kubwa, lakini vita hivyo vilikula karibu risasi zote za bunduki za kisasa zisizotoa moshi. Zilizobaki kwa wingi ni za bunduki za zamani za mwaka 1871, ambazo kila ukifyatua wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo.

Wazo la kutuma zepelini lilitolewa na Max Zupitza, daktari wa kijeshi aliyewahi kufanya kazi katika makoloni ya Ujerumani Afrika. Lilipata nguvu kwa sababu ya jaribio la Julai 1917, ambapo meli ya jeshi LZ 120, chini ya Ernst Lehmann, ilikaa hewani juu ya Baltiki kwa saa 101 mfululizo. Wakuu wakapiga hesabu: saa 101 ni nyingi kuliko zinazohitajika kutoka Balkani hadi Mahenge. Mpango ukapewa jina la siri, "jambo la China".

Nahodha aliyechaguliwa ni Ludwig Bockholt. Mwezi Aprili mwaka huohuo, akiwa na L 23, aliteremka juu ya Bahari ya Kaskazini kando ya jahazi la Norwei lililoitwa Royal, akashusha mabaharia wake na kuliteka. Ni kitendo ambacho hakuna nahodha mwingine wa zepelini aliyekifanya, na kinaonyesha mtu wa aina gani alipewa kazi hii.

Meli ya kwanza iliyotayarishwa, L 57, haikufika mbali. Mwanzoni mwa Oktoba 1917 Bockholt aliirusha kwa majaribio hali ya hewa ikiwa mbaya, na iliporudi Jüterbog upepo haukuruhusu kuiingiza bandani. Ikavunjika na kuungua. Basi ikachukuliwa L 59, iliyokuwa ikijengwa Staaken karibu na Berlin, ikakatwa katikati na kuongezwa vyumba viwili vya mifuko ya gesi, mita 30 zaidi. Ilikamilika mwishoni mwa Oktoba. Hapa ndipo siku za thamani zilipopotea: wakati mafundi wakiunganisha mbavu, Wabelgiji walikuwa wamekwisha ingia Mahenge tarehe 9 Oktoba, na shabaha ikabidi ihamishiwe nyanda za juu za Makonde.

Chombo na mzigo wake

L 59 ilikuwa na urefu wa mita 226.5 na kipenyo cha karibu mita 24. Ndani ya mifupa ya duralumini, aina ngumu na nyepesi ya alumini, mlikuwa na mifuko ya haidrojeni yenye jumla ya mita za ujazo 68,500. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni karibu na usawa wa bahari huinua zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo meli nzima iliinua karibu tani 79. Ukitoa uzito wa mifupa, injini na ngozi ya nje, zilibaki takriban tani 52 za kubebea. Injini zilikuwa tano za Maybach, kila moja nguvu farasi 240.

Tani hizo 52 ziligawanywa hivi. Petroli ilichukua zaidi ya tani 21, oili tani moja na nusu. Maji yalikuwa tani tisa, na hayo ndiyo farumi ya meli: uzito unaomwagwa pale inapozidiwa. Watu 22, Zupitza akiwemo. Sehemu kubwa ya zilizobaki, karibu tani 15, ndiyo shehena yenyewe: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha 30 pamoja na mikanda na mitutu ya akiba, magunia 61 ya dawa na bandeji yenye uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, mapanga, darubini, vipuri vya redio, vifaa vya kushonea na barua.

Kwa vita vya Afrika Mashariki, tani 15 ni nyingi kuliko zinavyosikika Ulaya. Kila kitu kilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 25. Shehena ya L 59 ni mizigo 600. Jeshi lile lilikwishapoteza wapagazi wengi kwa njaa, homa na kutoroka, na haikuwa rahisi kupata watu 600 wa kubeba kwa siku moja. Jambo hili halionekani popote katika hesabu za mpango.

Meli haikutarajiwa kurudi. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo waliipanga kuwa shehena yenyewe kuanzia puani hadi mkiani. Kitambaa cha pamba cha ngozi ya nje kilikuwa cha kushonea mahema na nguo. Kitambaa cha mifuko ya gesi kingetengenezwa mifuko ya kulalia. Vipande vya duralumini vingesimamishwa kuwa mlingoti wa redio, injini zingezungusha jenereta, na njia ya kupitia ndani ya meli ilitandikwa ngozi inayofaa kukatiwa soli za viatu. Aliyebuni hilo alijua vita vya huku vinakula nini, maana viatu viliwaumiza askari kama risasi zilivyowaumiza.

Kuondoka mara tatu

Kituo kilikuwa Jamboli, kusini mashariki ya Bulgaria, ambako jeshi la nchi kavu lilikuwa na banda lililobaki tangu zepelini zake zilipokuwa zikishambulia Salonika na Bucharest. Lilikuwa banda la kusini kabisa miongoni mwa mabanda yaliyokuwa mikononi mwa Ujerumani na washirika wake. L 59 ilifika hapo tarehe 4 Novemba.

Jaribio la kwanza, tarehe 13, lilishindwa kwa hali ya hewa. La pili, tarehe 16, lilifika ndani ya Uturuki. Huko askari wa Kituruki, washirika wao wenyewe, wakaifyatulia risasi, kisha dhoruba ikawafunga njia na Bockholt akarudi baada ya zaidi ya saa 30 hewani. Siku nane kati ya jaribio la kwanza na kuondoka kwenyewe zinaonekana chache ukiwa Jamboli. Kule Makonde ndizo siku ambazo Lettow-Vorbeck alifika Nambindinga, akawapanga watu wake na kuwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na waliochoka kwa sababu chakula na risasi havikutosha wote. Alibaki na Wazungu wasiozidi 300 na askari Waafrika wapatao 1,700.

Tarehe 21 Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, L 59 iliondoka kwa mara ya tatu.

Saa 40 za kwenda

Ilipita Edirne, ikavuka Bahari ya Marmara, ikafuata reli kuelekea Smyrna na kuipita usiku ukiwa umeingia. Mnamo saa nne na nusu usiku ilikuwa karibu na Krete, na hapo ikaingia katikati ya mawingu ya radi. Mlinzi wa juu ya meli aliona miali ya buluu ikicheza kwenye mifupa na kupiga kelele kwamba meli inaungua. Haikuwa moto; ni umeme tuli unaotoka kwenye ncha za chuma wakati wa dhoruba. Hatari yake hutegemea jambo moja: kama mifuko inavuja au haivuji wakati huo. Haidrojeni iliyofungwa peke yake haishiki moto. Ikishachanganyika na hewa, cheche moja inatosha. Kwa hiyo kanuni ya manahodha wa zepelini ilikuwa kubaki chini ya kimo ambacho mifuko hujaa na vali kufunguka zenyewe, mpaka dhoruba ipite.

Jambo dogo lililofanyika saa hizo ndilo lililoamua safari. Ili kuepuka radi, waya mrefu wa antena unaoning'inia chini ya meli ulivutwa ndani. Kituo cha Jamboli kilikuwa tayari kinaiita meli irudi, na waliokuwemo hawakusikia.

Alfajiri ya tarehe 22, mnamo saa kumi na moja na robo, walivuka pwani ya Afrika upande wa magharibi wa Misri, karibu na Mersa Matruh. Adhuhuri walikuwa juu ya oasisi ya Farafra, alasiri Dakhla. Mabaharia waliozoea Bahari ya Kaskazini walikutana na kitu kipya: hewa inayopanda kutoka kwenye mchanga uliochomwa na jua iliitupa meli juu na chini, na watu waliokuwa hawajui kichefuchefu cha bahari wakatapika. Mwanga uliorudi kutoka ardhini uliwaumiza macho na vichwa.

Hesabu ya gesi ni ngumu zaidi kuliko mateso ya watu. Jua linapopasha mifuko, haidrojeni hupanuka. Mifuko ikijaa, vali hufunguka na gesi hutoka. Kupanda nako humwaga gesi, takriban asilimia moja kwa kila mita 100 baada ya mifuko kujaa, na kwa meli hii asilimia moja ni karibu kilo 800 za kuinua. Nyuzijoto tatu za tofauti nazo hubadili uwezo wa kuinua kwa kiasi hichohicho. Mchana meli inaelea vizuri kwa sababu gesi yake ni ya moto kuliko hewa inayoizunguka. Jua likitua, gesi hupoa na kusinyaa, na ile iliyotoka mchana hairudi. Kinachofidia ni petroli inayochomwa, na L 59 ilichoma kwa wastani karibu kilo 130 kwa saa. Mchana mmoja wa Sahara unaweza kukudai zaidi ya hizo.

Mnamo saa kumi na dakika ishirini alasiri, giaboksi ya injini ya mbele ilipasuka. Meli ya injini tano inaweza kuruka kwa nne bila shida kubwa, lakini injini hiyo ndiyo iliyoendesha jenereta ya redio. Kuanzia hapo L 59 iliweza kusikia bila kujibu.

Saa tatu na nusu usiku waliufikia mto Nile eneo la Wadi Halfa, wakaendelea kusini. Saa saba kasorobo usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa takriban kilomita 200 magharibi ya Khartoum, mpokeaji wa redio alinasa ujumbe kutoka Nauen, kituo chenye nguvu kubwa karibu na Berlin. Uliagiza safari ivunjwe na meli irudi: adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde, tayari yuko Kitangari, na Wareno wanawashambulia waliobaki kutoka kusini.

Bockholt akageuza.

Je, ujumbe ulikuwa wa uongo?

Ipo simulizi iliyoenea kwamba majasusi wa Uingereza waliuvunja msimbo wa Wajerumani na kutuma agizo la kughushi. Inapendeza kuisikia, lakini haisimami. Agizo lilitoka katika makao makuu ya jeshi la majini, na kituo cha Jamboli kilikuwa kimeshaanza kuiita meli mara tu baada ya kuondoka, kabla ujumbe wa Nauen haujapokewa Sudan. Waingereza hawakuwa na haja ya kughushi. Walichofanya ni kutangaza ushindi wao wa kweli, na Berlin, isiyo na mawasiliano ya uhakika na jenerali wake, ikazitumia taarifa za adui kama macho yake.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Agizo lilikuwa sahihi kuhusu Kitangari. Kuhusu Wareno lilikuwa limegeuza mambo juu chini. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma na kuishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano, akaiteka siku hiyohiyo. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Mle ndani Wajerumani walikuta mamia ya bunduki, rashasha sita na risasi karibu 250,000. L 59 ilitua Jamboli asubuhi ya tarehe hiyo hiyo, ikiwa imerudisha sehemu kubwa ya shehena ya risasi 300,000 na ushei.

Kwa hiyo swali la kama Bockholt angeendelea lina jibu la hesabu. Kutoka alipogeuza hadi Makonde zilibaki takriban kilomita 3,000, yaani saa 40 na kitu kwa mwendo wake. Alipotua Jamboli alikuwa bado na petroli ya saa 64 nyingine, kwa hiyo mafuta yangemfikisha bila wasiwasi. Angekuwa juu ya nyanda za Makonde jioni au usiku wa tarehe 24. Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa akiteremkia Ruvuma, na Newala na Kitangari zilikuwa na Waingereza. Meli ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira, yenye uwezo wa kusikia tu, ingezunguka gizani juu ya msitu ikitafuta safu ya watu wasiojua kwamba inakuja.

Na hata wangeonana, nani angeishika? Zepelini ya ukubwa huu ilipotua Ulaya ilipokewa na mamia ya watu waliofunzwa kushika kamba na kuivuta bandani. Kwenye uwanda wenye miti na upepo wa mchana, bila mlingoti wala kamba za ardhini, ingebidi nahodha aachilie gesi kwa wingi na kuikalisha kwa nguvu. Haidrojeni maelfu ya mita za ujazo, petroli tani kadhaa na risasi tani kwa tani, vyote mahali pamoja, na adui yuko mwendo wa siku moja. Kwa maoni yetu sehemu ya shehena ingeokolewa. Mahema, viatu na mlingoti wa redio vilihitaji siku nyingi za utulivu, na jeshi lile halikupata siku hizo tena mpaka lilipoweka silaha chini Abercorn, Novemba 1918.

Kikosi cha Kapteni Tafel, kilichotoka Mahenge kikijaribu kuungana na jenerali, kilisalimu amri siku chache baada ya Ngomano, baada ya kuishiwa chakula. Hakukuwa na mchele wala unga ndani ya L 59 wa kuwatosha watu wale hata kwa juma moja.

Kurudi

Mnamo saa tisa usiku huohuo wa tarehe 23, meli ikiwa imeshageuka, jambo lililoelezwa juu kuhusu gesi na baridi lilitokea. Ilianza kuzama. Ikiwa na uzito kuliko uwezo wake, L 59 ilijishikilia kwa kuinua pua na kusukuma injini nne, kama tiara inavyojishikilia kwenye upepo. Mbinu hii ina mpaka: pua ikizidi kuinuka, mwendo hupungua, na mwendo ukipungua nguvu ya kuinua hupotea ghafla. Meli ilishuka kutoka karibu mita 900 hadi 400, katika eneo lenye milima. Karibu tani tatu za maji na risasi zilitupwa nje gizani ndipo ikatulia. Zile ndizo risasi pekee za shehena hiyo zilizobaki Afrika.

Hali kama hiyo iliwapata tena usiku wa tarehe 24 juu ya milima ya Uturuki, na tani nyingine karibu tatu zikaenda. Kufikia hapo watu walikuwa wamechoka kupita kiasi: joto la mchana na baridi kali ya usiku, usingizi wa vipande, homa, na baadhi yao walianza kuona visivyokuwepo. Walitua saa mbili kasoro asubuhi ya tarehe 25.

Kutoka shehena hadi mabomu

Baada ya hapo yalijadiliwa mawazo mengine ya kuitumia L 59 kubebea vifaa, lakini yote yaliachwa. Meli ikapelekwa Friedrichshafen kufungwa vifaa vya kubebea mabomu, na Februari 1918 ikarudi Jamboli, Bockholt akiwa bado nahodha.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi ilifika Napoli. Shabaha zilikuwa kituo cha manowari, kiwanda cha gesi na kiwanda cha chuma cha Bagnoli. Ilidondosha kilo 6,350 za mabomu kutoka kimo cha takriban mita 4,000. Watu 16 waliuawa, na mabomu mengi yaliangukia nyumba za watu mjini.

Si ajabu yaliangukia huko. Bomu likidondoshwa kutoka mita 4,000 hutumia karibu nusu dakika kufika chini. Meli inayokwenda kilomita 80 kwa saa husogea zaidi ya mita 600 kwa muda huo, kwa hiyo mlengaji lazima aachilie bomu mbali kabla ya kufika juu ya shabaha. Ili apatie, anahitaji kujua mwendo halisi wa meli juu ya ardhi, na mwendo huo hubadilika kwa upepo asiouona. Akikosea mwendo kwa robo, bomu linapotea kwa zaidi ya mita 150, na hiyo ni kwenye mstari wa safari tu. Upepo wa ubavu huongeza kosa lake. Gati la bandari lina upana wa makumi ya mita. Nyuma yake kuna mji wenye watu wengi waliobanana. Kumwaga tani sita namna hiyo ni kuwapiga raia, hata kama ramani iliyo mezani imechorwa duara kwenye kituo cha manowari.

Tarehe 20 Machi ikaenda Port Said. Upepo wa mbele uliichelewesha, ikakaribia mji alfajiri ikipambazuka, umbali wa kilomita chache tu. Bockholt akageuza tena. Uamuzi ulikuwa sahihi. Mchana, meli iliyojaa haidrojeni haiwezi kuzikimbia ndege zenye risasi za moto, na ndiyo sababu mashambulizi ya zepelini yalikuwa ya usiku usio na mwezi. Ilirudi baada ya saa 52 hewani na mabomu yake yote.

Mlango wa Otranto

Tarehe 7 Aprili 1918 L 59 iliondoka Jamboli kwenda kushambulia Malta, kituo kikubwa cha manowari za Uingereza. Jioni ilifika mlango wa bahari wa Otranto, kati ya Albania na Italia. Nyambizi ya Kijerumani UB-53, chini ya Sprenger, ilikuwa juu ya maji na ikaiona ikipita karibu, chini sana, kimo cha takriban mita 200. Kwenda chini hivyo ni kawaida mwanzoni mwa safari: meli ina mabomu na petroli nyingi, na nahodha hataki kumwaga gesi kwa kupanda kabla mafuta hayajapungua.

Mnamo saa mbili na nusu usiku waliokuwa UB-53 waliona nuru mbili hewani upande wa kusini, kisha mwali mkubwa ukamulika upeo wote, ukateremka polepole hadi baharini. Milio ya mlipuko ikafuata. Nyambizi ilikwenda kutafuta na haikupata mtu hata mmoja.

Nuru zile mbili ziliwafanya wengine wadhani ni mizinga. Lakini Waingereza na Waitalia, ambao wangejivunia sana kuiangusha zepelini, hawakudai kuwa ndio waliofanya hivyo, na hakuna kumbukumbu ya manowari wala ndege yao iliyofyatua hapo usiku ule. Linalobaki ni ajali ndani ya meli. Kwenye meli ya aina hii vyanzo viwili vya moto hupewa uzito. Cha kwanza ni petroli: mabomba yake hupita kutoka matangi ya ndani hadi kwenye vibanda vya injini, mtetemeko hulegeza viungo, na mvuke unaovuja hukutana na ekzosi ya moto. Cha pili ni haidrojeni iliyokusanyika juu ya mifuko, kati yake na ngozi ya nje, pale ambapo hewa haipiti vizuri. Meli inayoanza kupanda ikiwa imejaa hutoa gesi kupitia vali, na ndiyo saa ambayo L 59 ilitarajiwa kuanza kupanda kuelekea Malta. Petroli ikishika moto karibu na gesi hiyo, mwali wa kwanza na wa pili hutengana kwa sekunde chache tu, jambo linalolingana na walichokiona wale wa UB-53.